Disketi ya Nane

Tulimzika Barasa Jumamosi iliyopita huko Houston, na nimerudi Dallas na uchovu ambao usingizi hauuondoi. Nilienda peke yangu kutoka Irving, barabara moja iliyonyooka, malori kulia na kushoto, na kesho yake nikairudia ileile kwa sababu Jumatatu nilitakiwa kazini. Ndivyo tunavyozikana huku. Mtu anaomba ruhusa ya siku moja, anavaa nguo nyeusi, anakaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya gereji iliyofagiliwa, anakula pilau kwenye sahani ya karatasi, kisha anaanza kutazama saa. Nyumba ya Barasa iko Sugar Land, kwenye mtaa ambao nyumba zote zinafanana, na ningeipita kama si magari yaliyopangwa pande zote mbili. Kwaya ya Wakongo ilikuwa imetoka Haltom City kwa basi dogo la kanisa, wengi wao wametokea moja kwa moja zamu ya ghala, wakaimba macho mekundu, nisijue ni kilio au ni kukosa usingizi. Naliaka, mjane wake, alinishika mkono pale mlangoni hakuuachilia. "Mwende," akasema, "wewe ndiye mtu wa kwanza Baba Simiyu kunitajia kutoka Amerika. Nilikuwa nakuonea wivu, unajua?" Tukacheka wote wawili, watu wakageuka kutuangalia.

Mchungaji, kijana wa juzi, alisema marehemu alikuwa pioneer wa mambo ya tech kati yetu, kisha akaendelea na mahubiri. Hakueleza zaidi, na sidhani angeweza. Pembeni yangu wajukuu walikuwa wanatumiana video kwenye simu, na nikawaza kwamba kitu kinachopita hapo kati yao kabla hujameza mate, sisi kilitutoa jasho mwaka mzima, na kilipofika, kilifika kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Nimekaa tangu Jumapili nikiufikiria mwaka ule. Sijui kama ni huzuni. Nadhani ni uchovu tu umefungua mlango, na mambo yanaingia bila kubisha.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza Texas, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nasoma chuo Arlington na kuishi na Achieng, msichana wa Kisumu aliyekuwa akiwaogesha na kuwalisha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tulikuwa na chumba kimoja cha kulala, zulia la rangi ya chai ya maziwa, na kiyoyozi cha dirishani kilichonguruma kama posho mill ya kusaga unga. Sebuleni kulikuwa na kochi tulilolitoa kando ya pipa la takataka, na meza ya kukunja ambayo ilikuwa ya kulia, ya kusomea na ya kupigia pasi. Achieng alikuwa akirudi kazini anavua viatu mlangoni, anajilaza chini kwenye zulia, miguu juu ya kochi, na kusema kwa sauti ya mtu anayeongea na dari, "Leo yule mzee ameniita kwa jina la binti yake. Nikaitika." Mimi nilikuwa jikoni nikikoroga ugali wa unga wa Wameksiko, ambao haushikani hata uubembeleze vipi, na kuukatia zile mboga za majani mapana za Wamarekani tulizoziita sukuma kwa sababu hatukuwa na namna. Tulikula bila kuongea. Sikuwahi kula kwa kimya namna hiyo nyumbani, na ilinichukua miezi kujua kwamba si ugomvi, ni kuchoka.

Chuoni nilipata kazi kwenye chumba cha kompyuta. Nilikaa karibu na mlango, nikiwapa wanafunzi karatasi za printa na kuwasaidia disketi inapokwama. Ndiyo sababu Barasa alinitafuta. Namba yangu aliipata kwa Mama Kerubo, nesi wa makamo aliyekuwa na nyumba Grand Prairie, ambako Wakenya wa upande ule walikusanyika Jumapili baada ya ibada. Mama Kerubo alimjua kila mtu na shida yake. Jumamosi moja asubuhi simu ikalia, sauti nzito ikasema, "Dada Mwende, mimi naitwa Barasa, niko Houston. Nasikia una kompyuta nyingi na huna shughuli." Nikamwambia kompyuta si zangu na shughuli ninazo. Akacheka. "Basi nitakuongezea."

Shida yake ilikuwa hivi. Alikuwa amemaliza masomo yake na alikuwa akiandika programu kwa ajili ya hospitali ya misheni karibu na kwao, upande wa Bungoma, ili kadi za wajawazito na dawa za stoo ziwekwe kwenye kompyuta. Hospitali ilikuwa imepewa kompyuta na wafadhili, ikafunikwa kitambaa ikakaa. Naliaka mkewe alikuwa nesi hapohapo, wodi ya uzazi, na mtoto wao Simiyu alikuwa ameanza shule bila kumjua baba yake ila kwa picha. Bodi ya hospitali ilikuwa imemwahidi Barasa: programu ikifanya kazi, kutakuwa na nafasi yake, arudi awe msimamizi wa mambo hayo. Kwa hiyo programu ile ndiyo iliyokuwa safari yake ya kurudi nyumbani. Lakini ilikuwa kubwa, na disketi moja, kile kipande cha plastiki cha mraba kinachoenea kwenye mfuko wa shati, ilibeba kidogo mno. Ilibidi aibane programu nzima iwe faili moja, kisha alikate faili hilo vipande, kila kipande kwenye disketi yake yenye namba. Upande wa pili mtu anaziingiza moja baada ya nyingine, kompyuta inaunga vipande, na programu inasimama. Moja ikikataa, hakuna kinachosimama. Barasa alitaka mtu wa kuzijaribu kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona programu ile, kwa sababu kwenye ya kwake, alisema, kila kitu hufanya kazi, kama mtoto anayejua kusoma mbele ya mama yake tu.

Basi disketi zikaanza kuja, kwa basi la abiria, ndani ya kopo la biskuti lililozungushiwa utepe wa gundi. Nilizipokea kituoni, nikazijaribu saa za chakula cha mchana, chumba kikiwa na watu wachache. Kompyuta iliomba kwanza disketi ya mwisho, ndiko ilikoandikwa kilichomo kwenye zote, kisha ya kwanza, ya pili, kwenda mbele. Ukisikia ile sauti ya kukwaruza taratibu, unapumua. Ukisikia inakwaruza, inanyamaza, inarudia palepale, unajua imekwama. Jumamosi asubuhi Barasa alipiga simu, bei ikiwa nafuu, nikamsomea makosa. Hatukuwahi kuonana, lakini nilijua alikohoa kabla ya kutoa habari mbaya, nilijua kwamba jirani yake alikuwa na mbwa, nilijua alipika maharagwe ya wiki nzima Jumamosi kwa sababu nilisikia mfuniko wa sufuria ukitikisika. Achieng alikuwa akipita na kikombe chake na kuuliza, "Bado mnahesabu vipande tu? Hamwongei hata mambo ya maana?" Lakini yale ndiyo yalikuwa ya maana. Nikiyaangalia sasa, ndiyo kazi niliyokuja kuifanya maisha yangu yote, kukaa na mifumo ya kompyuta za hospitali, na hakuna darasa lililonifundisha kama zile Jumamosi.

Kwenye Pasaka Mama Kerubo alikuwa anaenda nyumbani likizo. Tukampelekea kopo. Alilipokea kwa mikono miwili, akauliza kama linaweza kulala pamoja na vitumbua vya safari, nikamwambia Mama, hapana, hata na sumaku ya kufungia mkoba hapana. Akalifunga kwenye leso, akalibeba mapajani hadi Nairobi, na kutoka Nairobi mwanawe akalifikisha hospitali. Barasa alikuwa amenunua sanduku la nguo la safari ya kurudi. Alinieleza kwa aibu kidogo, kama mtu anayesema amenunua pete kabla ya kukubaliwa.

Disketi ya nane ikakataa.

Naliaka mwenyewe ndiye aliyezitia, katibu wa hospitali akiwa amesimama nyuma yake na daktari mkuu akichungulia dirishani. Saba zilipita. Ya nane ikakwaruza, ikanyamaza, ikarudia palepale. Kwangu ilipita vizuri kabisa, nilikuwa nimeijaribu zaidi ya mara moja. Labda ni joto, labda ni vumbi, labda kile kichwa cha kusomea cha kompyuta ya kule kilikuwa kimepinda kidogo. Hakuna aliyejua, na hilo ndilo lililomuuma Barasa, kwamba hakukuwa na wa kumkasirikia. Akatuma disketi ya nane nyingine kwa posta. Ikachukua wiki na wiki. Ilipofika, nayo ikakataliwa, na safari hii sababu ilijulikana: katikati ya kungoja hakuweza kukaa mikono mitupu, alikuwa ameirekebisha programu hapa na pale, na ukirekebisha kitu kidogo tu, visu vinakata mahali pengine. Ile nane mpya ilikuwa kipande cha mkate mwingine. Alinipigia siku ambayo si Jumamosi, saa ya bei ghali. Nilisikia mbwa wa jirani tu.

"Baba Simiyu," nikamwambia, "kwa nini tunakata mkate mmoja? Tupike mikate midogo. Kila disketi iwe na faili zake kamili, imejifunga yenyewe. Moja ikiharibika, tunatuma hiyo moja tu."

"Kuna faili moja kubwa, haliingii kwenye disketi moja hata ulikunje vipi."

"Hilo peke yake tulikate. Mengine tusiyaguse. Na tutume seti mbili, watu wawili."

Akakohoa. "Njoo Houston," akasema. "Hii ya simu imenishinda."

Achieng alipata siku mbili za mapumziko, tukapanda basi pamoja. Ilikuwa kiangazi cha Texas, joto linalokupokea mlangoni kama mtu anayekudai. Barasa alitungoja kituoni akiwa amevaa shati la kanisani. Nilitarajia mtu mrefu, kwa ile sauti. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye upara uliong'aa, na alitushika mikono kwa woga kana kwamba sisi ndio tuliokuwa wakubwa. Chumba chake kilikuwa Alief, ghorofa ya pili, juu ya duka la Wavietnamu, na ngazi zote zilinukia mchuzi wa samaki na tangawizi. Ndani, kitanda kilitandikwa kijeshi. Ukutani kulikuwa na picha moja tu, Naliaka na mtoto mbele ya ua wa hospitali, wote wawili wamekunja uso kwa jua. Sanduku jipya lilikuwa limesimama pembeni, karatasi ya dukani bado inaning'inia kwenye mkono wake. Alikuwa ametupikia kuku kwa ugali mweupe halisi, unga uliotoka nyumbani kwa mkono wa mtu, na tulipouona ukikatika vizuri kwa vidole Achieng alifumba macho akasema, "Yesu wangu." Ndiyo mara ya kwanza mwaka ule niliposikia watu watatu wakicheka kwenye chumba kimoja.

Baada ya kula tukaanza. Mimi nilipanga mafaili, Barasa akabana, Achieng akaandika namba kwenye vibandiko kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista. Siku ya pili asubuhi ikapigwa simu hospitali, kwa kuwa Barasa alitaka Naliaka amwambie kompyuta ya kule ina nafasi kiasi gani. Aliiweka simu kwenye spika ili mikono yake ibaki kwenye kibodi. Sauti ya Naliaka ilikuja kutoka mbali, ikichelewa kidogo, kama mtu anayeongea akiwa kisimani. Alisoma namba alizoulizwa. Barasa akaziandika, akaanza kumweleza habari za mikate midogo, kwa furaha, kwa haraka, faili hili na faili lile, seti mbili, mchungaji mmoja anaondoka mwisho wa mwezi, na mwingine baadaye. Alieleza mpaka akamaliza.

"Naliaka? Unanisikia?"

"Nakusikia." Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Baba Simiyu, acha kututumia vipande. Njoo wewe."

Achieng aliacha kuandika. Mimi niliangalia zulia. Barasa alisema, "Ndiyo hii sasa, Mama Simiyu, ndiyo hii inanileta, vumilia kidogo tu," na Naliaka akasema sawa, akasema kuna mama kwenye wodi anamwita, na simu ikakatika. Barasa alibaki amekaa vilevile, vidole kwenye kibodi, mgongo umenyooka. Mimi nilitoka nikasimama kwenye ngazi, kwenye ile harufu ya tangawizi, kwa sababu nami nilikuwa na mtoto. Binti yangu Mutheu nilikuwa nimemwacha Machakos kwa mama yangu, akiwa bado anajifunza kutamka maneno, nikisema nitatulia kwanza, nitamaliza mwaka kwanza, nitapata mahali pazuri kwanza. Nilikuwa nikimtumia viatu, kaseti niliyojirekodi nikimwimbia, picha zangu mbele ya majengo. Wengi tulifanya hivyo na hakuna aliyetulaumu. Lakini pale kwenye ngazi sauti ya Naliaka haikunitoka sikioni. Barasa alinifuata nje baadaye, akakaa kwenye ngazi ya juu yangu.

"Na wa kwako anaitwa nani?" akauliza. Sikuwahi kumwambia kama ninaye. Nadhani uso wangu ulisema.

"Mutheu."

Akatikisa kichwa. "Mama Mutheu," akasema, kama anayelijaribu jina kwanza. Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo tangu nishuke kwenye ndege. "Usingoje iwe nzuri, Mama Mutheu. Haiwi nzuri."

Tulirudi ndani tukamaliza kazi. Seti zote mbili zilifika, na ya kwanza ilitosha. Programu ikasimama. Naliaka alipiga simu kwa Barasa, katibu akiwa anashangilia nyuma, na Barasa akanipigia mimi, na nilimsikia akitembea huku na huku mpaka waya wa simu ukaangusha kitu. Jumamosi kadhaa zikapita na habari nzuri tupu: kadi zinaingizwa, dawa zinahesabika, wageni wanaletwa kuona. Kisha Jumamosi moja akakohoa kabla ya kusema habari za asubuhi. Bodi ilikuwa imekaa. Ilimshukuru sana. Ilisema imeona faida kubwa ya kuwa na mtu wake Amerika, mtu anayeweza kupata disketi, vitabu, na marekebisho, na kwamba akirudi nani atawatumia? Walimwomba abaki kwa sasa. Neno lao lilikuwa hilo, kwa sasa. Alinisomea taratibu, sauti ileile aliyokuwa akiitumia kunisomea majina ya mafaili. Nikamuuliza Naliaka amesemaje. Akasema, "Hajasema." Kisha akaniuliza kama nina nafasi wiki ijayo ya kujaribu kitu kingine, na nikasema ninayo.

Naliaka alikuja, hatimaye. Ilichukua miaka, na Simiyu alipofika Houston alikuwa mrefu kuliko baba yake, na walilazimika kujuana kama wapangaji. Wakapata wengine wawili hapahapa. Jumamosi iliyopita, baada ya mazishi, nilimuuliza Naliaka, tukiwa tumesimama kwenye sinki jikoni kwake, kama waliwahi kuizungumzia ile simu. Akasema, "Tuliizungumza kila tulipogombana," akakamua kitambaa, akakitandaza. "Lakini alikuwa mtu mwema, Mwende. Alichelewa tu." Nimeyafikiria maneno hayo barabara nzima ya kurudi. Nimemlilia Barasa kwa hilo kuliko kwa mahubiri yote.

Mimi sikungoja. Mwezi wa Desemba mwaka ule Mama Kerubo alikuwa anaenda tena nyumbani, na nilimfuata jikoni kwake nikamwambia nataka aniletee Mutheu. Alikuwa anaosha mchele. Hakuuliza una nafasi, una chumba, utamlea na nani. Alisema, "Mwambie mama yako amsuke nywele vizuri, baridi iko." Mama yangu akampeleka kwenye usaili wa visa, ikatoka. Achieng akahamia kwenye kochi bila kuombwa, akabadilisha zamu zake ili mmoja wetu awe nyumbani mchana. Barasa alinipigia kuniambia niende uwanja wa ndege mapema, nisije nikampotezea mtoto dakika hata moja, na sauti yake ilikuwa kavu.

Nilikwenda mapema. Nilisimama kwenye reli ya kungojea abiria pale uwanja wa Dallas, nikiwa na koti dogo jekundu mkononi, milango ikifunguka na kujifunga, watu wakitoka na mizigo na usingizi usoni. Mama Kerubo alitokea akitembea kwa kuchechemea, miguu imevimba, na mkononi mwake kulikuwa na mtoto mrefu kuliko yule niliyemwacha, nywele zimesukwa vizuri, anatazama taa za juu. Walipofika mbele yangu Mama Kerubo akasema, "Mutheu, msalimie." Mtoto akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, akajibanza kwenye sketi ya Mama Kerubo, kisha, kwa adabu yote aliyofundishwa na bibi yake, akanyoosha mkono akasema, "Habari yako, auntie."

"Nzuri," nikamwambia. Nikapiga magoti kwenye sakafu ile baridi, nikauchukua mkono wake, nikamwomba aniambie jina lake.